Nataka kusoma sheria. Nikishindwa je?

Haya wadau, naliweka hadharani ili nisije nikalikimbia: mwaka ujao wa masomo nataka kuanza kusoma sheria. Najua. Shahada ninayo tayari, kazi ya gazeti ninayo, na kila mwisho wa mwezi yale makato ya asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu yananikumbusha kwamba hata hiyo shahada ya kwanza sijamaliza kuilipia. Wenzangu wa chumba cha habari wanacheka. "Hivi wewe hujachoka kukaa darasani?" Sijachoka. Ila swali lao la pili ndilo linaloninyima usingizi: na ukishindwa je?

Tusiwabeze kwa kuuliza. Marekani, anayetaka kuwa mwanasheria humaliza kwanza shahada nyingine, na wengi wao hufanya mtihani unaoitwa LSAT kabla ya kupokelewa. Hapa jirani Uganda, Makerere wamekuwa na mtihani wao maalumu wa kuingilia shahada ya sheria. Kwetu mchujo wa mlangoni ni matokeo ya kidato cha sita. Ukiwa na alama zako unaomba, unachaguliwa, unapiga picha getini, ukoo mzima unaanza kukuita wakili.

Mtihani wetu mkubwa uko kwenye mlango wa kutokea. Mwenye LLB bado si wakili. Anatakiwa apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mnakumbuka Oktoba 2022? Matokeo ya kundi moja yalitoka, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakawa wamefeli kabisa. Nchi ikapiga kelele wiki nzima, Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kila mtu akawa na maoni yake kuhusu nani alaumiwe. Mimi huwa nawafikiria wale 265 tu. Waliporudi nyumbani walisema nini? Walikuwa wamejiandalia nini kingine?

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake aifuate njia hiyo?

Sababu yangu iko Ringwani, wilaya ya Serengeti, kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa na kesi ya ng'ombe katika mahakama ya mwanzo. Akashindwa. Akarudi nyumbani, akalima, akavuna, na moyoni alikuwa na uhakika kwamba siku akipata nauli na muda atakwenda kukata rufaa. Alipokwenda, miezi minne ilikuwa imepita. Rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ina siku 30. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya msingi, na "sikujua sheria" mahakama haziikubali kuwa sababu. Basi. Hakuna aliyempiga chenga, hakuna aliyekula rushwa. Siku zilihesabika yeye akiwa shambani.

Aliponisimulia nikamuuliza, "Baba, mbona hukunipigia?" Akanijibu taratibu, "Ningekupigia wewe mwanangu, ungejua?" Nisingejua. Nilikuwa naandika habari za mahakamani na nisingejua.

Kwa hiyo maandalizi yameanza. Kila usiku nikitoka kazini nasoma hukumu moja kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure. Naisoma, kisha naandika nusu ukurasa: nini kilitokea, swali lilikuwa lipi, jaji alijibu nini, na kwa sababu gani. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kwetu waandishi. Sisi tumezoea kukimbilia nani kashinda.

Hukumu iliyonishika mpaka leo ni ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ya mwaka 1990. Mama wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akamshitaki kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Kesi ikapanda mahakama ya wilaya, ikageuka. Ikapanda tena hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji Mwalusanya akasema haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 haziruhusu ubaguzi huo. Leo wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo hata nje ya nchi. Lakini angalia ilivyoanza: Holaria alishindwa kwanza, kama baba mdogo. Tofauti ni kwamba yeye alikata rufaa.

Sasa nijibu lile swali la wenzangu. Mpango wa kwanza: siachi kazi. Nitaomba Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu kilipoanza kufundisha mwaka 1994 kimekuwa kimbilio la watu wenye ajira. Ada itatoka kwenye mshahara wangu. Baba mdogo alijitolea kuuza dume, nimemwomba alibakize zizini. Sitaki kuingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa nimebeba ng'ombe wa mtu mgongoni.

Mpango wa pili: Law School ikinishinda, nabaki mwandishi anayeielewa mahakama. Hao tunao wachache. Wangapi kule kijijini wameelezwa kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena uamuzi wa mgogoro wa shamba, kazi yake ni kusuluhisha tu? Hiyo ni habari, na inahitaji mtu wa kuiandika kwa lugha ya shambani.

Mpango wa tatu: hata chuo chenyewe kikinishinda, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawasimami mahakamani, hawavai joho. Wanaelimisha watu, wanawaelekeza waende wapi na kwa karatasi gani. Mtu wa namna hiyo angekuwepo siku ya tano baada ya hukumu ya baba mdogo, angetosha kabisa.

Nimeipanga mipango yangu hivyo makusudi, yote mitatu iishie Ringwani. Kuna jamaa wanaamini ukiwa na mpango wa pili umeshakubali kushindwa. Mimi naona nitasoma vizuri zaidi nikijua kwamba nikianguka, naangukia upande ule ule niliokuwa naelekea.

Nyie wenzangu mlio njiani kwenda sheria, au mliotoka huko mkiwa na majeraha, mlijipangaje? Niambieni. Usiku wa leo nina hukumu ya mirathi, kurasa 19.