Majaliwa Yasiyo na Mshenga

Vichekesho vya mapenzi, yaani filamu nyepesi zinazosimulia jinsi wawili wanavyopendana kupitia vikwazo vya kuchekesha, vina tawi moja linaloiachia kudra kazi yote ya kuwakutanisha wapenzi. Mfano wake ulio wazi ni Serendipity ya mwaka 2001, ambamo Jonathan na Sara, waliokutana dukani New York kila mmoja akiitaka jozi ileile ya glavu, wanaagana makusudi ili waone kama majaliwa yatawarudisha pamoja: mwanamume anaandika namba yake ya simu kwenye noti ya dola 5, mwanamke anaandika yake ndani ya kitabu kinachokwenda kuuzwa kwa muuza vitabu vilivyotumika, kisha kila mtu anashika njia yake. Wanapoanza kutafutana miaka kadhaa baadaye, wote wawili wameshachumbiana na watu wengine.

Mzaliwa wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, akiitazama filamu hiyo London anakoishi, huenda asitatizwe na noti wala kitabu, bali na wale wachumba wawili wanaoachwa njiani bila kikao cha wazee na bila mtu wa kuuliza mali ilikwenda wapi. Kwa Wasukuma na Wasumbwa, mahari, yaani mali inayotolewa na upande wa mume, kwa desturi huhesabiwa kwa ng'ombe, na posa hupelekwa na mshenga, mjumbe anayebeba maneno ya pande zote mbili. Uchumba ukivunjika, ng'ombe hao wana wenyewe. Serikali ya Tanzania nayo haikuyaachia majaliwa jambo hili, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, na inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate kusema. (Sheria hiyohiyo haiifanyi mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa, jambo ambalo wazee wengi hawapendi kukumbushwa.)

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuichora Ushirombo kama mji ambao kila mtu anamjua babu wa mwenzake, kwa kuwa dhahabu ya ukanda wa Geita imevuta watu wa mikoa mingi kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na barabara kuu ya kutoka Kahama kuelekea mpaka wa Rusumo hupitisha mjini hapo malori ya mizigo ya Rwanda, hivyo kijana anaweza kumpata mwenzake kwa mama lishe bila ukoo wake kujulikana na yeyote. Kukutana kwa bahati kupo tele nyumbani. Ni baada ya kukutana ndipo familia huanza kuulizana.

Hilo Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu ya Kihindi ya mwaka 1995, inalifahamu vizuri zaidi. Raj na Simran, watoto wa wahamiaji wa Kihindi wa London, wanakutana kwa bahati tupu katika safari ya treni barani Ulaya, lakini Raj anakataa kumtorosha binti huyo na badala yake anamfuata hadi Punjab, alikokwishaposwa na mwingine, ili aipate ridhaa ya baba wa Simran.

Mhamiaji wa leo ana mzee mwingine wa kumridhisha. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, raia wa Uingereza au mwenye makazi ya kudumu huko anayeomba kwa mara ya kwanza kumleta mwenzi wake anapaswa, kwa kawaida, kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 zilizowekwa mwaka 2012, na wawili hao wanatakiwa kuthibitisha kwamba wamewahi kuonana ana kwa ana na kwamba uhusiano wao ni wa kweli. Mtunzi wa Bongo Movie atakayetaka kuandika kichekesho cha mapenzi cha Mtanzania wa ughaibuni asianze na noti ya dola 5. Aanze na watu watatu ambao Serendipity haikuwahitaji, nao ni mshenga, baba wa binti na afisa wa viza.