Mkangafu wa Siku ya Pili

Mwaka juzi mhariri alinituma kwenda kuonja mvinyo. Ndiyo, kazi za namna hiyo zipo, ila hazitokei kila wiki. Hoteli moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeandaa jioni ya mvinyo mweupe wa bayodinamiki pamoja na vyakula vya kuendana nao, nami nilitakiwa kurudi na maneno mia sita ya ukurasa wa Jumapili.

Mtaalamu wa mvinyo, kijana mpole mwenye koti jeusi, alianzia mbali. Alitusimulia habari za Rudolf Steiner, ambaye mwaka 1924 alitoa mihadhara ya kilimo huko Koberwitz, mahali ambapo leo ni Poland. Steiner alifundisha kwamba shamba ni kiumbe hai, kwa hiyo lisitiwe mbolea wala dawa za kiwandani. Samadi ya ng'ombe inajazwa ndani ya pembe, pembe inafukiwa ardhini majira yote ya baridi, kisha samadi ile inafukuliwa, inakorogwa kwenye maji na kunyunyizwa shambani. Wapo wakulima wanaofuata hata kalenda ya mwezi kujua siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Ushahidi wa kisayansi kwamba pembe au mwezi vinaongeza kitu ni haba, lakini mvinyo wenyewe una wapenzi wake, na bei yake si ya mchezo.

Tuliomiminiwa ulitoka bonde la mto Loire, Ufaransa, na ulitengenezwa kwa zabibu ya Chenin Blanc. Zabibu hiyo hiyo inalimwa Dodoma, jambo ambalo mezani hakuna aliyelitaja. Kijana akasema juisi yake haikutiwa hamira ya dukani. Iliachwa ichachuke yenyewe, kwa hamira iliyopo kwenye maganda na hewani. "Mvinyo huu uko hai," alisema.

Mwenzangu mmoja akadakia: "Kumbe kama ule ulanzi wa Iringa!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Sasa niwaambie nilichokuwa nacheka. Mimi ni mtoto wa muuza ulanzi wa Kihesa. Kwa msomaji asiyeujua, ulanzi ni pombe ya mianzi. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi likishatoka ardhini, mgemi hulikata ncha na kutega mbeta, kipande cha mwanzi mkavu kinachokinga utomvu. Asubuhi na jioni anarudi kukata tena kidogo ili uendelee kudondoka. Haongezi sukari, wala hamira. Utomvu unaanza kuchachuka ukiwa bado mtini. Ule wa mwanzo, mtamu, wenye rangi kama maji ya mchele, tunauita togwa. Ukilala, unakuwa mkali na mchachu. Huo ni mkangafu.

Mama alikuwa akipokea madumu alfajiri kutoka vijijini, wagemi wakiingia uani na "kamwene" zao. Alikuwa anafungua dumu, ananusa, anaonja nusu kijiko, anatema. Kisha anasema: huu wa jana jioni, huu umetiwa maji, huu mwanzi wake umezeeka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo Mama hakuwahi kumsifu mtu. Alilipa tu, au alirudisha dumu.

Ulanzi huo ndio ulionilipia ada hadi chuo kikuu. Na chuoni, kwenye fomu iliyouliza kazi ya mzazi, niliandika "mfanyabiashara". Si uongo. Lakini najua kwa nini sikuandika ile kazi yenyewe.

Sitaki pia kuupamba. Mjomba wangu aliunywa ulanzi mpaka akauza mabati ya nyumba yake, moja moja. Mama alifika mahali akakataa kumuuzia, kaka yake wa tumbo moja, mbele ya wateja. Mjomba akavuka barabara akaenda kununua kilabu cha pili. Mama aliendelea kuuza, kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa. Jioni ile hatukuongea nyumbani. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kinywaji cha asili hakina madhara, nakaa kimya.

Baada ya ile jioni ya hotelini nilinunua chupa moja ya mvinyo ule, kwa bei ambayo sikumtajia Mama, nikapanda nayo basi hadi Iringa. Alikuwa ameshaacha biashara, magoti yamekataa. Nikapika kitimoto cha kukaanga, ugali, na mnafu.

Akanusa glasi vilevile alivyokuwa ananusa dumu. Akaonja. Safari hii hakutema.

"Huu ni mkangafu wa siku ya pili," alisema. "Mgemi wake hakutia maji."

Nikamwambia una miaka mitano. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa sokoni.

Tukala. Kwa kitimoto mvinyo ulikubali sana, maana uchachu wake unakata mafuta na kukurudishia hamu ya tonge jingine. Kwa mnafu ulikataa kabisa. Ule uchungu wa mboga uliufanya mvinyo uwe kama maji ya chuma. Mama hakushangaa. Alisema kilabuni wateja wa mkangafu walitaka utumbo na nyama ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, na wa togwa walitosheka na viazi vya kuchemsha. "Mchachu unataka mafuta, mtamu unataka kitu kikavu. Mboga chungu watu wanakula nyumbani kwao." Yule kijana wa hotelini alitumia karibu saa nzima na picha za ukutani kutueleza jambo hilo hilo.

Makala yangu ilikwishatoka kabla ya safari ile. Niliandika kwamba mvinyo una harufu ya mawe yaliyonyeshewa mvua, maneno niliyoyaokota kwenye kipeperushi. Ulanzi sikuutaja. Mhariri aliipenda.

Nilimsomea Mama kwenye simu yangu pale mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mawe yananukaje?" Sikuwa na jibu. Akainua chupa kwenye mwanga wa taa, akaona kimebaki kidogo, akanimiminia mimi.

"Chupa niachie," alisema. "Nitawekea mafuta ya kupikia."