Maalim, Padri na Roketi ya Ngomeni

Watoto wa Mambrui wa rika langu tulisomeshwa habari za mbingu mara mbili kwa siku. Asubuhi shuleni, mwalimu wa sayansi alichora jua katikati ya ubao na sayari zikilizunguka. Alasiri chuoni, tumekaa mkekani na juzuu mapajani, maalim alitueleza kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mbingu na ardhi kwa siku sita. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba walimu wake wamegongana. Wazazi wetu walitutaka tufaulu kote kuwili, basi.

Wakati ule mbingu ilikuwa kitu cha kazi. Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, hakuwa na saa wala ramani iliyofaa, lakini usiku alikuwa akijua alipo. Wakulima walikitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, na wakawa na kauli yao: kikizama kwa jua kitazuka kwa mvua, kikizama kwa mvua kitazuka kwa jua. Maalim naye alihitaji falaki ili ajue kibla na nyakati za swala. Nilipomtajia sayari nilizofundishwa shuleni kwa Kiingereza, alizitaja kadhaa kwa majina yake: Zuhura, Mirihi, Mshitarii, Zuhali. Kisha akaniuliza kama shuleni wametufundisha pia kuzitafuta usiku. Walikuwa hawajatufundisha.

Halafu kulikuwa na Ngomeni. Kaskazini kidogo ya kwetu, katika Ghuba ya Ungwana, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa mawili baharini, San Marco na Santa Rita, wakawa wakirusha roketi. Hawakuja kwa ajili ya ufuo wetu mzuri, ijapokuwa wenzao wengi walikuja Malindi kwa ajili hiyo na hawajaondoka hadi leo. Walifuata ikweta. Dunia inapojizungusha, watu wa ikweta ndio wanaokwenda mbio kuliko wote, kwa hiyo roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea Siku ya Jamhuri, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka pale ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku na nchi waliiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki chini kwa sababu hewa yetu inazizuia, kwa hiyo anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na ikaacha orodha ya vyanzo 339. Ndiyo iliyoonyesha jinsi eksirei za chanzo kimoja, Cygnus X-1, zinavyobadilika haraka haraka, na wataalamu wakaanza kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba siku za kurusha, wavuvi huambiwa wakae mbali. Kijijini sikusikia mtu akiuliza kama ni halali kuchungulia mbinguni. Mjomba aliuliza swali moja: samaki watarudi lini?

Ninachokikumbuka kwa karibu zaidi ni kupatwa kwa jua, Februari 16, 1980. Nilikuwa mwalimu kijana wa hisabati na sayansi, na redio zilikuwa zimelitangaza tukio hilo kwa siku nyingi, wataalamu wa nje wakimiminika Kenya na mitambo yao. Siku moja kabla, maalim wangu wa zamani, aliyekuwa amezeeka lakini bado akisomesha, alinitumia mtoto niende kwake. Nilimkuta barazani na tasbihi yake. Nilidhani ataniambia nisiwadanganye watoto wa watu.

"Mwanangu," akasema, "hao wataalamu wenu wamesema litaanza saa ngapi?"

Nikamwambia mwendo wa saa nne hivi za asubuhi, na giza kubwa litakuja baada ya saa tano.

"Wana hakika?"

"Wana hakika, Maalim. Wanapiga hesabu."

Akatikisa kichwa. "Basi saa nne tuwe msikitini. Na hao watoto wako waambie wasilitazame kwa macho."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi asubuhi nilikuwa uwanjani na wanafunzi, nikiwagawia vipande vya vioo tulivyovitia masizi ya kibatari, jambo ambalo leo madaktari wa macho wangenikemea, na wengine nikawainamisha juu ya beseni la maji. Kisha nikawahi msikitini. Baada ya swala ya kupatwa kwa jua, maalim alisimama akakumbusha kisa ambacho kila aliyepita chuoni amekisikia. Mtume alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia mtoto. Mtume, ambaye ndiye mfiwa, akawakataza: jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mungu, na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Nje giza lilikuwa limeanza kutanda na kuku wakirudi bandani. Maalim hakusema kwamba sayansi imethibitisha dini. Hakusema pia kwamba wanasayansi wameingilia kazi ya Mungu. Alichukua saa kwao, akachukua swala kwa Mtume wake, na havikugombana kichwani mwake.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha fizikia sekondari, nilikutana vitabuni na mtu aliyenikumbusha maalim yule. Georges Lemaître alikuwa Mbelgiji, padri wa Kikatoliki aliyepata upadirisho mwaka 1923, na profesa wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, makundi ya nyota yakizidi kuachana. Einstein alipokutana naye mwaka huo alimwambia hesabu zake hazina kasoro lakini fizikia yake haikubaliki kabisa. Mwaka 1931 padri akasogea hatua nyingine: kama ulimwengu unatanuka, basi ukirudisha nyuma wakati utafika mahali ambapo vyote vilikuwa kitu kimoja kidogo, kizito mno. Hiyo ndiyo nadharia tunayoiita mlipuko mkuu. Jina lenyewe lilitoka kwa mpinzani wake, Mwingereza Fred Hoyle, katika kipindi cha redio cha BBC mwaka 1949.

Wanasayansi wengi waliitilia shaka, na baadhi yao kwa sababu ilinukia kanisa mno. Padri anatuambia ulimwengu una mwanzo! Kumbe ametutolea Kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Mnamo Novemba 1951 Papa Pius wa 12 aliwatilia nguvu watu hao bila kukusudia. Akihutubia Chuo cha Sayansi cha Kipapa, alizungumza kana kwamba sayansi ya sasa imerudi nyuma hadi kushuhudia ile saa Mungu alipoamuru nuru iwe. Mtu angetarajia Lemaître afurahi: Papa mzima anasifu kazi yake. Hakufurahi hata kidogo. Alijitahidi kuwafikishia wakubwa wa Vatikani rai yake, na Papa alipowahutubia wanaastronomia mwaka uliofuata, hakulirudia dai lile.

Msimamo wa padri ulikuwa wazi. Nadharia yake, alisema, haiingii katika swali la dini. Asiyeamini Mungu anaweza kuikubali na akabaki asiyeamini, na anayeamini anaweza kuikubali bila kupata ndani yake ushahidi wa Mungu wake. Alikuwa akisoma misa na akipiga hesabu, na hakutaka moja iwe shahidi wa nyingine. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey, walinasa kwenye antena yao mnong'ono uliokuwa ukitoka kila upande wa mbingu. Mwanzoni waliwashuku njiwa waliokuwa wamechafua antena, wakaisafisha, na mnong'ono haukukoma. Ulikuwa ni mabaki ya joto la ule mwanzo. Lemaître alipewa habari hizo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa Juni 1966.

Maalim wangu hakupata kumsikia Lemaître. Sioni kama angemshangaa.

Sasa nimestaafu, na vijana wachache wa jirani huja nyumbani jioni kwa masomo ya ziada. Juzi mmoja wao, wa kidato cha tatu, aliniuliza swali ambalo katika ujana wangu halikuwepo: "Mwalimu, wewe unaamini sayansi au unaamini Mungu?" Aliuliza kwa ukali, kama anayeniuliza nampigia kura nani. Nilipomhoji nikajua limetoka wapi. Limetoka kwenye simu.

Simu zetu zimejaa video za namna mbili. Katika ya kwanza, mhubiri mwenye sauti kubwa anasema mlipuko mkuu umo ndani ya Qur'ani, sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 30, pale mbingu na ardhi zinapotajwa kuwa ziliambatana kisha zikapambanuliwa, na kwamba Wazungu wamechelewa miaka 1,400. Katika ya pili, kijana aliyesoma kidogo anasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8, kwa hiyo Mungu hana kazi tena. Wanarushiana matusi chini ya video hizo, na hawajui kwamba wamekubaliana katika jambo lililo kubwa kuliko yote: kwamba Mungu ni jibu la swali la fizikia. Mmoja anaona jibu ni sahihi, mwingine anaona si sahihi.

Kwa huyo wa kwanza nina swali la kirafiki. Wako wafasiri wa kale waliozieleza mbingu saba kwa falaki ya Wayunani, ile ya matufe yanayozunguka moja ndani ya jingine na dunia ikiwa katikati. Falaki hiyo imekufa, aya imebaki. Kesho fizikia ikibadilika, na hiyo ndiyo desturi yake, utaibadilisha tafsiri mara ngapi? Padri yule alimkinga Papa na mtego huo. Sisi Waislamu wa Pwani hatuna Papa wa kukingwa, tuna maelfu ya wenye simu.

Majirani zetu Wakristo nao hawajasalimika. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga jinsi Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yalivyokusudia kumwonyesha Mvulana wa Turkana, yale mabaki ya mifupa ya kale ambayo Kamoya Kimeu aliyagundua mwaka 1984 huko Nariokotome, yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu. Mifupa ilionyeshwa, makanisa hayakufungwa. Lakini nilivyoona mimi, tangu siku hizo wanafunzi wangu Wakristo walianza kuingia darasani wakiwa wamejihami.

Haya yote yangenisumbua kidogo tu kama wabishi wangekuwa wanaitazama mbingu yenyewe. Hawaitazami. Niliwatoa vijana wangu uani usiku mmoja nikawaambia wanionyeshe Kilimia. Hakuna aliyekijua, si yule wa dini wala yule wa sayansi. Taa za barabarani na za mahoteli zimemeza nusu ya nyota, na nusu iliyobaki haina wa kuitafuta. Kila mwaka tunagombana tena kuhusu mwezi mwandamo, nani kauona, wapi, na kama wa Saudia unatuhusu, na wengi wanaogombana hawajui mwezi mchanga unatokea upande gani. Nahodha, mkulima na maalim wa zamani walikuwa na elimu moja waliyoshirikiana, kila mtu akaitumia kwa haja yake. Sisi tuna maoni.

Ngomeni nako kumepoa. Setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka San Marco ilikuwa mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu bado kinapokea habari za setilaiti, ila mtoto wa Malindi anaweza kumaliza shule asijue kwamba si mbali na kwao ndipo iliporushwa setilaiti iliyowafanya wataalamu waanze kuamini mashimo meusi. Kwa hilo wa kulaumiwa ni sisi walimu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nina ombi moja. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Makka litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika tano, na huku kwetu litamegwa sehemu. Hesabu zimeshapigwa, saa inajulikana. Maalim wa madrasa na mwalimu wa fizikia, hasa mnaoishi mtaa mmoja na hamsalimiani, kaeni mapema mkubaliane mambo mawili: swala itaanza saa ngapi, na miwani ya kuwakinga watoto macho itanunuliwa na nani.