SEHEMU YA 7: Jioni ya Mama Ngina na kokwa ya mabuyu

Wiki iliyopita niliahidi kuwaandikia mahali pa kupeleka watoto hapa Mombasa bila kumaliza mshahara. Nitaandika, lakini ndani yake kuna kisa ambacho nimekaa nacho miezi miwili bila kukisema, kwa sababu ya haya. Leo nakisema.

Mahali penyewe ni Mama Ngina, pale ufukweni kutoka feri ya Likoni mpaka kwenye mnara wa taa. Wengine mnapakumbuka kabla ya 2019, kabla hapajatengenezwa upya. Gari lilikuwa linaegeshwa likitazama bahari, mnakula mihogo humo humo ndani. Siku hizi kuna njia nzuri ya kutembea kwa miguu, viti, na ile mibuyu mikubwa ambayo imewaona babu zetu na itatuona sisi tukiondoka.

Mimi huenda saa kumi na nusu, jua likiwa limepoa. Nikiwa nimetoka zamu ya usiku nalala mpaka adhuhuri, naoga, tunapanda tuktuk. Nabeba leso mbili (moja ya kukalia, moja ya kumfunika mtoto upepo wa kusi ukizidi), chupa ya maji, na nguo moja ya kubadilisha. Usibebe nyumba nzima.

Burudani kubwa ni meli, na hailipiwi. Mlango wa Kilindini ni mwembamba, kwa hiyo meli ya makontena inapoingia bandarini inapita karibu mpaka mtoto anadhani akinyoosha mkono ataigusa. Kijana wangu wa miaka sita anahesabu makontena kwa rangi. Amejifunza hesabu pale kuliko kwenye daftari, na mwalimu wake asinisikie. Kisha tunatembea upande wa feri kuangalia watu wanavyoshuka Likoni, ule umati, baiskeli, mikokoteni. Pembeni kuna mawe ya matumbawe na chini yake maji yanapiga kwa nguvu, basi mtoto mdogo ashikwe mkono, asiachwe aparamie kizuizi eti tupige picha. Picha hiyo siitaki.

Halafu kuna kula. Mihogo ya kuchoma ikapasuliwa, ikatiwa pilipili na ndimu. Viazi vya karai, kachiri, maji ya ukwaju, madafu. Na mabuyu.

Siku hiyo nilikuwa na wifi yangu na wanangu wawili. Mdogo ana miaka miwili na nusu. Kakake alinunuliwa mabuyu, yale mekundu, na mdogo akalilia. Nikajua. Naapa nilijua, kwa sababu hayo ndiyo ninayowaambia akina mama kliniki kila wiki: karanga nzima, peremende ngumu na kokwa si vya mtoto wa chini ya miaka mitano. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema aache anyonye moja tu.

Akaanza kukimbia nayo mdomoni.

Kilichonishtua ni kimya. Hakukohoa, hakulia. Alisimama, mdomo wazi, macho yamenitolea. Wifi akapiga kelele, "Wifi, mpe maji!" Mama mmoja jirani akasema anyanyuliwe mikono juu. Nami, muuguzi wa miaka kumi na moja, nilisimama tu. Sijui sekunde ngapi, tatu, nne. Wodini mikono yangu huwa inatangulia akili. Kwa mwanangu ilikataa.

Kisha ikakubali. Nilipiga goti, nikamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini kuliko kifua, nikampiga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Moja. Mbili. Ya tatu kokwa ikatoka, ikafuatwa na kilio. Sijawahi kupenda kilio namna ile.

Sasa nisikilizeni, maana nimeulizwa sana. Mtoto akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akiwa hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, mpige mgongoni mara tano kama nilivyosema, ukiangalia kila pigo kama kitu kimetoka. Kisipotoka, na ametimiza mwaka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano. Chini ya mwaka usiguse tumbo: mlaze chali mkononi mwako, kichwa chini, ukandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia kupiga mgongo na kukandamiza, huku mtu mwingine akiita msaada. Usimpe maji. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mpaka msaada ufike. Na mtoto aliyevutwa tumbo lazima aonwe na daktari hata kama anacheka.

Tulikaa pale mpaka magharibi. Miguu yangu ilikuwa haiwezi kupanda tuktuk. Wifi alininunulia dafu, hakunilaumu hata kwa neno moja, akanishikia mtoto. Kijana wangu ndiye aliyeuliza kama ni yeye aliyemuua karibu mdogo wake. Hilo lilinikata maini kuliko yote. Nikamwambia mabuyu ni ya mkubwa, na mkubwa aliyeruhusu ni mimi.

Bado tunaenda, mara mbili kwa mwezi. Mdogo anakula muhogo laini, amekaa kitako, hakimbii na chakula mdomoni. Mabuyu anayaomba kila safari.

Sehemu ya 8 ni homa ya usiku. Wale mlioniandikia, maswali yenu nimeyasoma, msinitumie tena.