Kipepeo wa Maporomoko

Nilipowaambia akina mama wenzangu wa maombi hapa Portsmouth kwamba Jumamosi ninavuka kwenda Isle of Wight kutafuta vipepeo, mmoja alicheka hadi akashika mbavu. "Dada, mtu mzima unakimbiza vipepeo?" Sikumlaumu. Kipepeo niliyemfuata ana jina la Eleanor Glanville, mama Mwingereza aliyefariki mwaka 1709. Inasimuliwa kwamba wosia wake ulipingwa mahakamani kwa madai kuwa alikuwa na kichaa, kwani mwenye akili timamu hawezi kuhangaika na wadudu! Mwanawe akashinda kesi.

Mimi nilikwenda kwa sababu nilichoka kukaa ndani. Mama yangu alizikwa Korogwe mwezi Septemba, nami nikayaona mazishi kwenye simu, maana karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka. Tangu siku ile sala yangu ilikuwa moja tu: Bwana, kisibomoke kingine.

Tulifika Compton Bay mwishoni mwa Mei, mawingu yametanda. Kipepeo bila jua haruki, basi tukapewa somo kwanza. Mzee mmoja wa kisiwani aliyetuongoza alipiga magoti kwenye nyasi fupi juu ya bahari akatuonyesha jani jembamba kama ncha ya mkuki, gugu ambalo kwetu ningeling'oa bila kufikiri. Hicho ndicho chakula cha viwavi wake. Jike hutaga mayai kwa mafungu chini ya majani hayo, na viwavi, weusi wenye vichwa vyekundu, hukaa pamoja wakati wote wa baridi ndani ya kiota cha nyuzi walichosuka wenyewe. Nilipenda hilo la kukaa pamoja.

Mbele yetu ukingo ulikuwa umemeguka, udongo mbichi umemwagika hadi ufukweni. Nikamwuliza mzee kwa nini hawajengi ukuta kuuzuia. Akasema ukingo ukitulia, nyasi ndefu na vichaka hufunika kila kitu, lile gugu hukosa udongo mtupu wenye joto la jua, na kipepeo hutoweka. Bara amekwisha karibu kote. Amebaki hasa hapa kusini mwa kisiwa, mahali ambapo ardhi haiachi kuporomoka.

Nilinyamaza muda mrefu. Msinielewe vibaya, wapendwa. Sisemi mama alikufa ili kitu kizuri kiote, na yeyote aliyeniambia hivyo msibani nilitamani atoke nyumbani kwangu. Ayubu naye alipewa wanyama wa porini kuwatazama, hakupewa sababu. Lakini sala yangu ya kuomba kila kitu kisimame kama kilivyo ilinikwama kooni pale pale.

Saa nane jua likatoka. Akaja mmoja, halafu wanne, rangi ya machungwa yenye miraba myeusi, wakiruka chini chini juu ya udongo ulioanguka. Mmoja alitua karibu na kiatu changu akafunga mabawa, upande wa chini mweupe kama maziwa na mistari ya machungwa. Nililia, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na mzee akasogea pembeni kwa adabu. Kisha nikamwambia Mungu habari za mama, kwa jina lake, tangu mwanzo.