Chupa ya mba kwenye kichwa kisicho na mba



Wiki iliyopita bi harusi mmoja mtarajiwa ameniuliza kama ni vizuri aanze kuosha nywele kwa shampuu ya dawa ya mba mwezi mmoja kabla ya harusi yake. Mba hana. Anataka "kujikinga tu", asije akaaibika siku ya kufunuliwa mtandio. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikakatika. Hili mimi lilinipata, na lilinipata mahali ambapo sikuwa na mama, somo wala dada wa kumuuliza. Basi nimekaa nikusimulie, mwanangu, na wengine msikilize.

Mimi niliolewa Unguja kwa mambo yote yanayostahiki. Singo wiki nzima, hina ya mikono na miguu, na siku chache kabla ya harusi nywele zikatiwa dawa ili zilale vizuri. Siku tisa baada ya harusi nikapanda boti na mume wangu, kutoka Dar tukashika basi, mpaka tukavuka maji kwa kivuko cha Busisi. Daraja wakati huo lilikuwa bado linajengwa. Mume wangu alikuwa na duka Rwamgasa, mkoa wa Geita: koleo, kamba, mipira ya maji, taa za kufunga kichwani, vitu vya wachimbaji.

Rwamgasa (wengine huandika Lwamgasa, na wenyeji hawagombani kwa hilo) ni kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kinajulikana mbali kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO, lilikifanya kuwa eneo lake la Tanzania kwenye mradi wa dunia wa kupunguza zebaki machimboni. Mimi hayo sikuyajua. Nilichokijua ni sauti ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na vumbi lake. Vumbi lile jepesi mno. Linakaa juu ya mboga, juu ya msala, ndani ya kikombe ulichokifunika. Jirani yangu wa Kisukuma, aliyekuwa akifanya kazi mwaloni wanakooshea mchanga wa dhahabu, alinipa somo moja tu siku ya kwanza nilipomwamkia "mwangaluka" kwa lafudhi yangu ya Kiunguja. Alinishika mkono, akaitazama pete yangu, akasema: "Dada, usije huku mwaloni na hiyo. Zebaki ikiigusa inageuka nyeupe." Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania, zebaki hushikamana na dhahabu, ndiyo maana wanaitumia.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kuwasha. Nikivua ushungi mweusi naona chenga nyeupe mabegani. Nikipitisha chanuo, zinaanguka kama unga. Nikasema, haya, mba huo.

Nyinyi mnaonijua mnajua sikuwahi kuwa na mba. Lakini bi harusi wa mwezi mmoja hafikiri. Anaona aibu kwanza, kisha anafikiri. Nikamwomba mume wangu twende Geita mjini, nikamwambia nataka vitambaa, nikachepuka kwenye duka la dawa nikanunua chupa kubwa ya shampuu ya mba, ile kali, yenye seleniamu salfaidi. Kijana wa dukani hakuniuliza kitu nami sikumwambia kitu. Nikaificha chini ya khanga.

Maelekezo yalisema mara mbili kwa wiki. Mimi nilitumia kila siku. Kichwa kilipozidi kuwasha nikaona dawa haijatosha, nikatumia asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu nywele zangu, ambazo dada zangu walizichana kwa mafuta ya nazi tangu nina miaka minne, zilikuwa makumbi ya nazi. Kavu, zinakatika mkononi. Na ile harufu! Dawa ile ina kitu cha kibiriti ndani yake. Mtoto wa Unguja aliyekuja na kasha zima la udi na asumini ya kukausha, ananuka yai viza.

Kwa hiyo nikaanza kulala na kilemba. Mume akauliza, nikamwambia Rwamgasa usiku kuna baridi. Kweli kuna baridi kidogo, lakini si ya kufunga kilemba. Hakuuliza tena. Naye nikaona amebadilika: analala na fulana, anakoga gizani, ananigeuzia mgongo ukutani. Nikajua sababu ni mimi. Nililia sana mwezi ule, na simu za nyumbani nikawa nazijibu kwa kucheka.

Aliyenipeleka zahanati ni yule jirani, baada ya kuona kijidonda nyuma ya sikio langu nilipojifunga upya mtandio. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Mkristo, asiye na maneno mengi. Aliniambia nivue ushungi, akaenda mwenyewe kufunga mlango. Akashika unywele mmoja, akauvuta taratibu kati ya vidole viwili. Utando mweupe ukatoka. Akaulowesha, akausugua kiganjani, ukateleza.

"Hii ni sabuni, mwanangu. Sabuni na vumbi. Unasuuza kwa maji mangapi?"

Nikamwambia jagi moja. Nilisema kwa fahari kidogo. Maji pale kwetu yalikuwa ya kisima, tunanunua kwa dumu la lita 20, nayo magumu: sabuni haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyoharibika. Na sisi tulikuwa wapya kwenye ndoa, mnanielewa, josho halikuwa la Ijumaa tu. Nilikuwa nimejifundisha kukoga kwa maji kidogo. Nilikumbuka chuoni tulivyofundishwa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akikoga kwa pishi moja, kama lita 3 hivi, na kwamba Ummu Salama alipomuuliza kuhusu misuko yake aliambiwa hana haja ya kuifumua kwa janaba, inamtosha kujimiminia kichwani mara tatu. Nilikuwa najiona nafuata sunna na kumpunguzia mume wangu gharama.

Nikamweleza muuguzi yote hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa ibada yako maji hayo yanatosha, sina neno. Lakini shampuu haina dini. Ukiitia, lazima uitoe."

Dada zangu, sikuwahi kulifikiria hilo. Wale masahaba wa kike hawakuwa na shampuu ya dawa kichwani. Mimi nilikuwa nafanya mambo mawili ndani ya jagi moja, la pili nikaliacha nusu kila siku. Ile sabuni iliyobaki ikashikana na chumvi ya maji na vumbi la karasha, ikakauka, ikawa chenga. Nami kila nikiziona chenga naongeza dawa. Juu ya hapo kichwa kilikuwa bado kimechubuka kwa dawa ya kulainisha nywele, na nilikuwa nafunga ushungi nywele zikiwa mbichi ili niwahi swala.

Sasa wewe mwanangu uliyeniuliza, nikueleze mba wenyewe ni nini kama nilivyoelezwa mimi, halafu nikasoma zaidi. Kuna vimelea vidogo vya jamii ya kuvu, vinaitwa Malassezia, vinaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye mba na asiye na mba. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Kwa wengine ngozi inakasirishwa nao, inawasha na kubambuka haraka kuliko kawaida. Huo ndio mba. Chenga zake mara nyingi ni kubwa, zina mafutamafuta, pengine rangi ya manjano, na huweza kushuka kwenye nyusi na pembeni ya pua. Ngozi kavu tu hutoa vichenga vidogo vikavu. Mabaki ya sabuni hung'ang'ania unywele kuliko ngozi. Na mapunye ya watoto ni jambo jingine kabisa, hayo yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, shampuu peke yake haiyamalizi.

Shampuu za mba zinawapunguza hao kuvu, kwa ketokonazoli, au seleniamu salfaidi, au zinki pairithioni, na baadhi zinatuliza kasi ya ngozi kubambuka. Kama huna mba, hakuna cha kutuliza. Ukioga nayo mara moja kwa sababu umeikuta bafuni kwa wifi yako, hutadhurika, usiogope. Lakini ukiifanya ndiyo shampuu yako ya kila siku, unajisugua kwa kitu kikali bure, na nywele zetu hizi, hasa zilizotiwa dawa, hazina mafuta ya kupoteza. Madaktari wa ngozi wa Marekani huwaambia wanawake weusi, hata wenye mba wa kweli, waitumie mara moja tu kwa wiki. Mwenye mba unaorudirudi anaweza kuendelea mara moja kila wiki moja au mbili ili usirudi. Kujikinga na ugonjwa ambao hujawahi kuwa nao, kwa mwezi mzima kabla ya harusi, ni njia ya kufika kwenye kiti cha bi harusi na makumbi. Na tafadhali asikudanganye mtu umeze vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya nywele. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge hivyo kwa sababu ya ini. Ya kuoshea na ya kumeza si kitu kimoja.

Narudi Rwamgasa. Nilitoka zahanati nikaenda moja kwa moja dukani kwa mume wangu, nikamngoja wateja waondoke, nikamwambia yote: chupa, vitambaa vya uongo, kilemba. Nilimaliza, akawa kimya. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ile chupa si yangu?"

Alikuwa ameiona chini ya khanga tangu wiki ya kwanza. Akadhani nimeinunua kwa ajili yake na naona haya kumpa. Akarudisha pazia la duka, akavua fulana. Kifua na mabega yalikuwa na mabaka meupe, madogomadogo, yameungana kama ramani. Mba wa mwili. Joto la duka la mabati na jasho, na hao hao kuvu wa kichwani. Alikuwa nao tangu kabla ya kuniposa. Ndiyo fulana, ndiyo kukoga gizani. Alidhani nimemuona nikachukizwa, ndiyo maana nalala nimejifunga.

Muuguzi alipomwona kesho yake alicheka mpaka akakaa. Dawa iliyokuwa imenimaliza nywele ndiyo hiyo hiyo anayoitaka mgongo wa mume wangu. Jipake, subiri dakika 10, suuza, siku 7. Akatuonya kwamba kuvu watakufa mapema lakini rangi ya ngozi itachukua wiki nyingi kurudi, tusije tukaendelea kupaka kwa pupa. Akanitazama mimi aliposema pupa.

Hivyo chupa ikahama kutoka kichwa kisicho na mba kwenda mahali pake. Mimi ndiye niliyempaka, kwa sababu mgongo mtu haufikii mwenyewe. Siku ya kwanza nilisoma maelekezo yote, kitu ambacho sikukifanya kwa kichwa changu, nikakuta wameandika vua mapambo kabla ya kutumia, dawa inaweza kubadilisha rangi ya madini. Nikaivua pete nikaiweka juu ya dirisha, nikamkumbuka jirani yangu wa mwaloni. Zile dakika 10 za kusubiri ndizo tulizozungumza kuliko mwezi mzima uliopita.

Nywele zangu zilikatwa mpaka mabegani. Dawa ya kulainisha sikuitia tena. Nilikuwa naosha mara moja kwa wiki kwa shampuu ya kawaida, napaka nazi kidogo ncha tu, na ushungi sifungi mpaka nywele zikauke. Mpaka mvua za vuli zilipoanza. Mvua ya kwanza tuliiacha ioshe vumbi kwenye bati, ya pili tukatega ndoo, madumu, hata sufuria ya pilau. Maji ya mvua ni laini, yanatoa povu mpaka unashangaa. Niliinama uani nyuma ya pazia, mume wangu akanimiminia kwa jagi, moja baada ya jingine, anahesabu kwa sauti. Alipofika 14 nikamwambia yatosha. Akamimina la 15.