Dirisha jeusi lilivyomkimbizia shangazi mteja

Shangazi yangu ana steshenari ndogo pale Mbagala. Anachapa CV, anatoa fotokopi, na msimu wa harusi ukifika ndiyo usiseme, kadi za michango zinamkesha. Mashine yake ni laptop moja ya mtumba, mzee kuliko watoto wa chekechea wa mtaani kwao.

Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida. Mashine haikuzimika, ila viraka vya usalama vya kawaida ndiyo basi tena. Kwa duka ambalo kila mteja anakuja na flashi yake, na kila flashi na virusi vyake, huo ni mtihani. Windows 11 nayo ikaikataa laptop ya shangazi: eti inataka kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi. Anunue mpya? Kodi ya fremu inamsubiri mlangoni.

"Mwanangu, si wewe mtaalamu?" akaniambia. Utaalamu wenyewe, jamani, ni wa simu za washikaji! Lakini mbele ya shangazi huwezi kurudi nyuma. Nikamwekea Linux Mint, ya bure na halali kabisa, yenye kitufe cha menyu pale pale chini kushoto alikozoea.

Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Si unajua zamani ukitaja Linux watu wanaliona lile dirisha jeusi la kuandika amri, terminali? Shangazi hakuliona kabisa. Programu anachagua kama kwenye simu, masasisho anabonyeza kitufe. Wi-Fi ilipogoma, nilichomeka simu yangu kwa waya wa USB, intaneti ikapita humo, mashine ikaitafuta yenyewe draiva iliyokosekana. Sikuandika amri hata moja. CV za Word zilifunguka kwenye LibreOffice, ingawa kuna jedwali lililohamia ukurasa wa pili bila kuaga. Tena kitu chenyewe si kigeni kwetu: OpenOffice, iliyoizaa LibreOffice, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Kasheshe ikaja Jumatatu. Kijana kaleta vyeti viskaniwe, maombi ya kazi mwisho saa kumi. Printa (jina la kampuni tuliache) inachapa vizuri, lakini skana yake kompyuta haiioni. Kosa langu, sikuijaribu. Maelezo ya kampuni yanasema fungua terminali.

"Terminali gani, ya mabasi?" shangazi akauliza kwenye simu.

Nikaanza kumtajia herufi moja moja. Ikafika kwenye neno la siri. Ukiliandika humo herufi hazionekani, zinatokea nyota tupu, basi shangazi akajua kibodi imeharibika. Akaandika mara tatu, ikakataa mara tatu. Kijana akatazama saa, akavuka barabara kwenda kwa mpinzani wake.

Mimi nasema hivi: kama kazi zako ni kuperuzi, kuandika na kutazama muvi, Linux ipo tayari, usitishwe na mtu. Lakini kama ugali wako unategemea printa iliyonunuliwa kabla ya kuuliza, bado unahitaji kijana jirani. Lawama nyingi ni za watengeneza printa, wanaoifikiria Windows kwanza na wengine baadaye. Ila mteja mwenye vyeti mkononi hilo halimhusu.

Jumamosi nikapanda daladala, nikaandika ile amri, dakika mbili hazikufika. Skana ikaamka. Shangazi akainakili nyuma ya daftari la madeni, herufi kwa herufi. Kisha akafungua ukurasa wa mbele, akaandika jina langu, na mbele yake: elfu mbili, mteja wa vyeti.